Vali Nne Ndani ya Beseni

Kila siku ya shule, saa moja kasoro robo asubuhi, Baba alipiga honi mara mbili mbele ya mlango wa jirani. Honi ya kwanza ilikuwa ya kumwita Bingwa, na ya pili ya kumwambia asijihangaishe, tunamsubiri. Bingwa ni rafiki yangu na tunakaa dawati moja. Anatembea kwa magongo tangu akiwa mdogo, na shule yetu iko juu ya kilima kirefu. Sisi wengine tungeweza kukipanda kwa miguu, tukahema, tukafika. Yeye asingeweza. Jina la Bingwa alilipata kwenye dama, kwa sababu hakuna mtoto wa mtaani kwetu aliyewahi kumshinda, na watu wazima wawili watatu wameacha kucheza naye kwa kuogopa aibu.

Mimi naitwa Kiroboto. Mama ndiye aliyenipa jina hilo, maana siwezi kutulia. Nikifagia uwanja, nikifika katikati nakumbuka vyombo. Nikiosha vyombo, kwenye sahani ya tatu nakumbuka kazi ya shule. Nyumba nzima imejaa vitu nilivyovianza.

Gari letu lilinizidi umri kwa miaka mingi. Rangi yake ilikuwa imepauka na kioo kimoja kilipanda kwa kuvutwa na mikono miwili, lakini lilikuwa na turbo, na likipanda kilima lilipiga mluzi mwembamba uliowafanya watoto wa shule wageuke. Baba alilipenda sana bila kujua lolote la ndani yake. Yeye ni fundi cherehani. "Mimi nikifungua, nafungua kifungo," alipenda kusema. "Boneti namwachia Mungu."

Basi asubuhi moja, katikati ya kilima, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, moshi mweupe ukatoka nyuma kwa wingi, na gari likazimika. Baba akambeba Bingwa mgongoni mpaka kwao. Njia nzima Bingwa hakusema neno, na kwa mtu mwenye maneno kama yeye, ukimya ule ulinitisha kuliko moshi.

Tangu siku hiyo akabaki nyumbani. Kwa wiki mbili nilimpelekea madaftari yangu anakili. Kisha shule ikafungwa kwa mapumziko ya wiki moja, na Jumatatu ya kufungua ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa kupanda darasa. Asiyefanya mtihani ule angerudia mwaka. Ndipo Baba akampigia simu dada yake.

Shangazi ni fundi wa malori katika mji mwingine. Alifika Jumapili na begi dogo la nguo na sanduku la spana lililomshinda Baba kulinyanyua.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Kiroboto. Bado unarukaruka?"

"Nimepunguza."

"Tutaona."

Hata maji hakunywa kwanza. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akanionyesha. Oili iliyotakiwa kuwa nyeusi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Maji yamechanganyika na oili," alisema. "Gasketi ya hedi, ile inayozuia maji na oili visikutane, imeungua. Kaka, gari lilipata joto, nawe ukaendelea kulikanyaga."

Baba akakuna kichwa. "Nilidhani litatulia lenyewe."

"Litatulia! Mtoto akiwa na homa unamkimbiza?"

Kazi ilifanyika nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati, mahali Baba anapopigia pasi nguo za wateja. Meza yake ya kukatia vitambaa ilitandikwa magunia, naye akahamia barazani na cherehani yake, akinung'unika kwa kujifurahisha tu. Kila bomba na kila waya uliotolewa, Shangazi aliufunga kipande cha kitambaa cha kuandikwa namba kwa chaki ya Baba. Baada ya siku moja injini ilionekana kama imevaa matambara. Kazi ya kuandika namba nilipewa mimi, kwa sababu Shangazi alisema mtoto asiyetulia ni afadhali apewe kazi kuliko apewe nafasi.

Nilichokiona siku zile sijakisahau. Kwanza ilitoka turbo. Nilikuwa nimeiwazia kuwa kitu kikubwa kama ndoo, kumbe ndani yake mna vifeni viwili, kila kimoja kinaenea kwenye kikombe cha kahawa.

"Moshi unaotoka kwenye injini unakizungusha hiki," Shangazi alisema, akigusa cha kwanza kwa ncha ya kidole. "Hiki kinamzungusha mwenzake, na mwenzake anaisukumia injini hewa kwa nguvu. Kwenye kilima kinazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika."

"Laki moja!"

"Kwa dakika moja. Wewe ukizunguka mara kumi unaanguka."

Niliishika ile turbo kwa mikono miwili na kuirudisha mezani polepole sana. Miaka yote nilikuwa nimeketi nyuma ya kitu kama hicho, nikila karanga na kugombana na Bingwa, wala sikujua.

Kisha ikatoka hedi, yaani kile kifuniko kizito cha injini kinachofunika silinda zote nne. Shangazi aliweka rula ya chuma juu ya uso wake, akachukua kipande cha bati chembamba kuliko karatasi ya daftari, na bati likapita katikati ya rula na hedi. Kwa macho sikuona chochote. Hedi ilikuwa imepinda kwa joto, na unene wa lile bati ndio uliokuwa umemweka Bingwa nyumbani wiki mbili. Ikapelekwa kwa fundi wa mashine, ikasawazishwa, ikarudi Jumatano iking'aa kiasi kwamba niliona meno yangu ndani yake.

Alhamisi tukaanza vali. Hedi yetu ina vali nane, chuma chembamba chenye kichwa cha bapa, kama uyoga uliogeuzwa. Nne ni pana, za kuingiza hewa. Nne ni ndogo zaidi, za kutolea moshi. Kila moja ina kiti chake, duara dogo ambamo kichwa chake kinakaa na kuziba. Bingwa alikuja akaketi kwenye kiti cha wateja, magongo yakiwa ukutani, ubao wa dama mapajani.

"Gari likiwa mwendo wa kawaida," Shangazi alisema, "kila vali inafunguka na kufunga mara ishirini na tano kwa sekunde. Sema 'moja'."

"Moja," Bingwa alisema.

"Tayari. Ishirini na tano."

Tulitazamana. Bingwa akasema tena "moja", polepole, na nikajua anajaribu kuzihesabu. Mimi nilihisi ngozi ya mikono ikinisisimka.

Shangazi alinifundisha kusaga. Unapaka kiti cha vali grisi yenye chengachenga za kukwaruza, unaibandika vali kwenye kijiti chenye mpira wa kunyonya, kisha unakipekecha kijiti kwa viganja, huku na huku, unainua, unageuza, unapekecha tena. Mwanzoni sauti ni ya kukwaruza. Baadaye inalainika, na ukiifuta vali unaona duara la kijivu, sawasawa pande zote, halina pengo. Nilipoliona duara la kwanza nilipiga kelele mpaka Baba akaja mbio na sindano mdomoni.

"Tangu sasa," Shangazi alisema, "vali hii na kiti hiki wamejuana. Ukiipeleka kwenye kiti cha mwenzake haitakaa vizuri, hata kama inafanana nayo kabisa." Akachukua trei ya mayai, akaandika namba kwa chaki, moja mpaka nane. "Kila vali ina tundu lake. Unatoa moja, unaosha moja, unarudisha moja. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia au umeelewa?"

"Vyote viwili, Shangazi."

Ijumaa asubuhi kusaga kukaisha. Shangazi akaenda dukani kufuata sili mpya za vali, vile vimpira vya kuzuia oili, akaniachia beseni la mafuta ya taa na brashi. Niliosha ya kwanza, nikairudisha. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Zile nne pana zikaisha vizuri kabisa, na hapo ndipo Bingwa alipotikisa ubao wake.

"Kiroboto, nakupa kete mbili za bure. Njoo ushindwe kwa heshima."

Kete mbili za bure! Sikuwahi kupewa ofa kama ile. Nikaitazama trei, nikaziona zile nne ndogo zinanitazama, na nikafikiri kwamba beseni ni moja, mafuta ni yale yale na uchafu ni ule ule. Nikazitumbukiza zote kwa pamoja. Zikagongana chini, *kili kili kili*, na nilipoingiza mkono na kuzitoa, nilikuwa na vyuma vinne ambavyo hata mama yao asingevitofautisha.

Nilizigeuza, nikazinusa, nikazipanga kwa urefu, na zote zilikuwa sawa. Bingwa alikuwa akipanga kete, hakuona kitu. Basi nikaziweka kwenye matundu manne kwa kubahatisha, nikaenda kucheza. Nilishindwa, licha ya zile kete mbili za bure.

Shangazi alirudi, akaziona vali zinang'aa kila moja kwenye tundu lake, akanipiga begani kwa furaha. Tukazirudisha kwenye hedi na sili mpya na springi zake. Kisha akaigeuza hedi chali juu ya mbao mbili, akamimina mafuta ya taa katika kila chumba cha silinda. "Kama kuna vali isiyoziba," alisema, "mafuta yatapita upande wa pili. Tusubiri robo saa."

Sijawahi kusubiri robo saa ndefu kama ile. Kiroboto mzima nilikaa bila kutikisika. Shangazi akachungulia kila tundu kwa tochi. Kavu. Kavu. Kavu. Yote nane yalikuwa makavu.

"Haya!" alisema. "Kesho tunafunga hedi, Jumapili asubuhi napanda basi, na Jumatatu Bingwa anakwenda kwenye mtihani wake."

Bingwa akapiga makofi. Baba akaimba barazani. Ni mimi peke yangu ambaye sikufurahi, na nilishindwa kuelewa kwa nini, maana nilikuwa nimeponea. Kipimo kilipita na hakuna aliyejua. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza hakuchoshi mikono. Lakini nilimwona Bingwa akiitazama ile hedi kwa heshima, midomo yake ikisema "moja, moja" bila sauti, nikashindwa.

"Shangazi," nilisema. "Zile ndogo nne niliziosha pamoja."

Aliacha kufuta mikono.

"Zilichanganyika. Niliziweka kwa kubahatisha."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya hedi. Bingwa ndiye aliyesema.

"Kwa hiyo Jumatatu siendi?"

"Sijui," nilisema.

"Kwa sababu ya mchezo wa dama?"

Nilitaka ardhi inimeze. Aligeuza uso ukutani.

"Lakini kipimo si kimepita?" Baba aliuliza kutoka mlangoni. "Labda bahati imetuangukia."

"Mafuta ya taa ni kipimo cha kwanza tu, Kaka," Shangazi alisema. "Vali ya moshi inapata joto mpaka inakuwa nyekundu. Inapoa kwa njia moja kubwa, kugusana na kiti chake kila inapofunga. Ikigusa upande mmoja na upande mwingine haigusi, hapo inaungua. Si leo. Baada ya wiki tatu, kwenye kilima, na watoto ndani." Akanigeukia. "Leta kalamu ya risasi. Na ubinue hiyo midomo baadaye, sasa hivi tuna kazi."

Tulitoa springi za zile vali nne ndogo. Shangazi alitaka vistari vya kalamu kuzunguka uso wa kila vali, vyembamba, vinavyofuatana kwa karibu, ili kiti kivifute kila mahali kinapogusa. Kistari changu cha kwanza kilikwenda upogo. Bingwa akanyoosha mkono wake.

"Lete hapa. Utazichorea ndevu."

Akachora yeye, mikono imetulia tuli. Shangazi akaiweka vali ya kwanza kwenye kiti, akaizungusha robo mzunguko, akaitoa. Vistari vyote vilikuwa vimefutika. Ya pili pia. Ya tatu, upande mmoja vimefutika, upande mwingine vistari sita vimebaki vizima kama alivyovichora Bingwa. Ya nne hivyo hivyo.

Niliisogeza ile vali ya tatu karibu na jicho. Kati ya chuma na chuma palikuwa na nafasi isiyoonekana, nyembamba kuliko mstari wa kalamu, na ndani ya nafasi hiyo moto ungepita mara ishirini na tano kwa sekunde. Niliogopa, na wakati huo huo niliona ni ajabu kubwa kwamba binadamu wamewahi kutengeneza kitu kinachohitaji kuwa sahihi kiasi hicho, na kwamba kinafanya kazi kila asubuhi huku watu wakipiga soga.

"Tunasaga upya zote nne," Shangazi alisema. "Sitaki kubahatisha juu ya kubahatisha." Akatoka uani kumpigia simu bosi wake. Nilimsikia akiomba siku moja zaidi, akiomba tena, na mwisho akisema ahsante kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Jumamosi yote nilipekecha. Shangazi hakunisaidia hata moja, alikaa tu pembeni akisikiliza sauti. Kufikia vali ya tatu viganja vilitoka malengelenge, na Mama akanifunga vitambaa vya Baba. Bingwa alichora vistari, nikazungusha, vikafutika vyote. Nikaosha moja, nikarudisha moja. Sikuruka kitu. Mara ya kwanza maishani mwangu nilifanya kazi moja tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukumbuka sahani.

Jumapili hedi ilikaa juu ya gasketi mpya. Bolti zilikazwa kuanzia katikati kwenda nje, mizunguko mitatu, kila mzunguko kwa nguvu iliyopimwa kwenye spana yenye namba. Mabomba yalivuliwa matambara yao moja moja. Baada ya chakula cha mchana Baba akaketi kwenye usukani, jasho likimtoka kama ndiye anayefanya mtihani.

Kwanza Shangazi alichomoa waya za plagi, injini ikazungushwa bila kuwaka, ili oili ifike kwenye turbo kabla haijaanza kukimbia. Akarudisha waya. "Haya, Kaka. Sasa."

Injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikawaka. Moshi wa bluu ulitoka kidogo, ukapungua, ukaisha, na ukabaki mngurumo mtulivu, wa pamoja. Baba alifunga macho. Shangazi akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya hedi na mpini wake sikioni, akasikiliza. Halafu akanipa mimi.

Nilisikia vali zote nane, *tiki tiki tiki*, nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, zikifanya kazi sawasawa gizani mle ndani. Machozi yalinitoka na sikuona haya. Nilimpa Bingwa bisibisi, naye akasikiliza kwa muda mrefu akiegemea bampa, mpaka Baba akasema petroli inaisha.

Jumatatu saa moja kasoro robo tulimchukua Bingwa. Shangazi aliketi mbele na sanduku lake miguuni, maana tungempeleka kituo cha basi baadaye. Tulipoanza kilima sote tukatazama mshale wa joto. Ulipanda mpaka katikati ukabaki hapo. Turbo ikaanza kupiga mluzi.

"Shangazi," Bingwa alisema, "kama Kiroboto angenyamaza, leo si tungefika tu?"

"Mngefika," Shangazi alisema. "Na kesho mngefika. Hilo ndilo linalowadanganya watu." Aligeuka akaniangalia mimi, si Bingwa. "Sikiliza nikuambie, halafu sitarudia. Kukosea kwako hakukunishtua, hata mimi nimewahi kusahau spana ndani ya injini ya lori. Lakini kosa lina wakati wake wa kusemwa, nao ni kabla bolti hazijakazwa. Kabla ya hapo ni lako, na unalirekebisha kwa mikono yako. Ukishakaza bolti ukanyamaza, kosa limekuwa la kila mtu anayepanda gari hili, na wao hawajui kama wamelibeba."

Nilimtazama Bingwa, ameketi pembeni yangu, magongo katikati ya magoti, kalamu mbili mpya mfukoni, akinong'ona yale aliyoyasoma. Tulifika juu. Baba akafungua mlango, Bingwa akashuka, akajiweka sawa, akaanza kutembea kuelekea darasani bila kugeuka nyuma.